Majivu na Mafuta ya Karanga

Tumemzika Mama Perusi juma lililopita huko Majita, kwenye shamba lililo karibu na ziwa kiasi kwamba wachimba kaburi walilalamikia unyevu. Niliondoka Mwanza na basi la asubuhi, na nilipofika magoti yalikuwa yamekaza, ikabidi binti mmoja anishike mkono nishuke. Nikapewa kiti pamoja na akina mama wa kanisa. Magesa, mwanawe, alikuja kunisalimia kabla ya ibada kuanza. Kichwa chote kimekuwa mvi, na koti alilovaa lilimzidi mabega. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Hasira niliyokuwa nayo juu yake zamani niliitafuta pale nilipokaa, sikuiona. Nadhani nayo imechoka. "Pole, Kabula," akasema. "Pole na wewe. Mama ametuacha." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Miezi ya mwisho hakututambua sisi. Alikuwa anakuita wewe tu. Anasugua shuka kwa kiganja, anasema, 'Kabula, lete majivu, hawa watu wana wageni Jumapili.'" Nikamshukuru kwa kuniambia. Kisha kwaya ikaanza, akarudi kukaa na ndugu zake, mimi nikabaki nikitazama viganja vyangu, ambavyo hadi leo ukivinusa siku ya joto vina harufu ya nta.

Sitaeleza nilikotoka wala jinsi Magesa alivyonioa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliobaki na mama yake, na huo nauanzia kwenye vyumba viwili tulivyopanga Igogo, hapa Mwanza. Nyumba ilikuwa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma umeegemea jiwe kubwa ambalo mchana lilishika joto na kuturudishia jioni nzima. Dirisha lilitazama bati la jirani, na juu ya bati kipande cha ziwa, chembamba kama mkanda. Harufu ya mapanki yakikaangwa ilipanda kutoka bondeni kuanzia mchana. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukala mifupa yake, na ukiwa na njaa mifupa ile ina utamu wake. Huo ndio wakati kiwanda cha nguo kilipoanza kupunguza watu. Magesa alikuwa fundi wa mitambo pale. Alirudi siku moja mchana, ovaroli imekunjwa vizuri kwapani, akaiweka juu ya kitanda kama mtu anayelaza mtoto, akasema, "Wametupunguza." Mtaani watu hawakuwa na habari nyingine. Maduka yalijaa vitu, sabuni za kila rangi, redio, viti vya plastiki vimepangwa hadi barabarani, na sisi tukipita tukitazama. Mama mmoja kisimani alisema zamani tulikuwa na hela hakuna vitu, sasa vitu vipo hela hakuna, wote tukacheka, kisha kila mmoja akajitwisha ndoo yake akaenda.

Mimi nilikuwa mjamzito, na mwezi uliofuata mimba ikatoka. Mtoto huyo alikuwa ameshapewa jina. Mama Perusi mwenyewe alilitoa tangu tumbo lilipoonekana: akiwa wa kiume ataitwa Masatu, jina la marehemu mumewe. Alipopata habari alipanda gari kutoka Majita akiwa na kapu la udaga wa muhogo, akaja kunikanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayetembea kama mtu aliyebeba maji hata pale asipobeba kitu. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni na hakuzungumzia mtoto hata siku moja. Magesa alikaa nasi mpaka nilipoweza kusimama, akaniambia, "Navuka ng'ambo, nitafute kazi kwenye mitumbwi ya mashine. Mama atakaa na wewe." Mwanzo alituma samaki kwa watu wa kivuko. Baadaye akatuma salamu bila samaki. Baadaye tena hata salamu hazikuja. Nikawa nasema labda yuko visiwani, huko hakuna mtu wa kutumwa, na Mama anaitikia, "Labda," akiendelea kuchambua dagaa.

Kazi ilianza kwa jirani yetu, karani aliyepunguzwa siku moja na Magesa. Alikuwa anauza meza yake ya kulia chakula na kila aliyekuja kuitazama alitikisa kichwa. Ilikuwa na madoa meupe ya sufuria za moto, wino uliomwagika, na mikwaruzo kana kwamba kuku walilala juu yake. Mama Perusi alikuwa anapita na ndoo. Akaitua, akalamba kidole, akakipitisha kwenye kona ya meza. "Baba, hii ni mninga. Mbona mnaiuza kama kuni?" Hapo ndipo nilipojua kwamba kabla ya kuolewa, na baada ya kufiwa, alikuwa ametunza sakafu na samani za nyumba ya wamisionari kule kwao. Aliomba majivu ya mkaa yaliyochekechwa, mafuta ya karanga na tambara la pamba. Akachanganya majivu na mafuta mpaka yakawa kama uji mzito, akayasugua juu ya doa jeupe taratibu, kwa duara ndogo, macho yake yanatazama mlangoni kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine. Doa likafifia, likatoka. Mikwaruzo midogo aliipaka karanga mbichi iliyovunjwa, akaisugua kwa kidole mpaka mafuta yakaingia. Ule mkubwa aliujaza nta aliyoichanganya na dawa ya viatu ya kahawia. Wino ulibaki kivuli. "Doa jeupe liko juu, kwenye vanishi," aliniambia. "Linatoka. Jeusi limeshaingia kwenye mbao. Hilo unalipunguza tu, unaliacha." Meza iliuzwa juma hilohilo, na karani akatuletea unga na kuku mmoja aliyekonda. Baada ya hapo watu wakaanza kuulizia yule mama wa majivu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kazi ilikuwepo katika mwaka ambao kila mtu alilia hakuna kazi. Nadhani ni kwa sababu vitu vilikuwa vinahama. Ofisi zilifungwa na meza zake zikapigwa mnada. Waliopunguzwa waliuza makabati. Na wale waliopata, wenye biashara ya samaki, nyavu, au vitu vya kontena, walinunua mbao nzuri za watu wengine na hawakutaka kuona alama za watu hao. Sisi tulikaa katikati. Asubuhi tuko kwenye chumba ambacho mwenye kabati ameinamisha kichwa, jioni tuko sebuleni kwa mnunuzi na watoto wanatelezea soksi kwenye sakafu tuliyoisugua. Nilijifunza kufuata nyuzi za mbao, maana ukizikata kwa msasa umeongeza mkwaruzo badala ya kuuondoa. Nilijifunza kubonyeza kitambaa kibichi kwa pasi ya mkaa juu ya pale palipobonyea, mpaka mbao inywe mvuke na kuinuka. Nilijifunza kuziba tundu kwa unga wa msumeno na gundi, na kukaa bila kuligusa hadi likauke, jambo gumu kuliko yote. Kwa mchana tulibeba michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya kitambaa. Nyumba nyingine walitupa chai na andazi kwenye ngazi ya jikoni; nyingine walitupita kama mtu anavyopita kivuli. Na watu wanaongea. Mtu aliyepiga magoti sakafuni na tambara mkononi anasahaulika upesi. Nilisikia ndoa zikivunjwa, leseni zikinunuliwa, na mara moja nikamsikia mwanamume mzima akilia kwa simu. Mama Perusi alinifundisha kutosikia. "Yale ya nyumba za watu yaache mlangoni. Viatu tu ndivyo tunaondoka navyo."

Nyumba ya Mama Doto ilikuwa Bwiru, juu ya miamba, nyumba ya enzi za Wazungu yenye sakafu ya mbao na madirisha mapana. Mumewe aliuzia viwanda samaki. Binti yao alikuwa anakaribia kipaimara na sherehe ingefanyika pale ndani, kwa hiyo tulipewa sakafu ya sebule, meza kubwa ya mvule na viti vyake. Mama Doto alikuwa mtu mwema, mnene, anayecheka kwa urahisi. Siku nyingine alivuta kigoda jikoni akala ugali na sato pamoja nasi, anatuuliza habari za Igogo. Sakafu ilikuwa imechoka. Aliyeishi humo zamani alikuwa na mbwa, kucha zimechora mistari toka mlangoni hadi dirishani, na chini ya dirisha mvua ilikuwa imeacha weusi. Tulisugua siku baada ya siku, Mama upande wake, mimi wangu, tukirudi nyuma kwa magoti kuelekea mlangoni. Jioni tulishuka mlima tukiwa tumejipinda kama vibibi viwili, na mmoja wetu alikuwa hajatimiza miaka ishirini na mitano.

Ijumaa kabla ya kipaimara sakafu ilikuwa imekwisha na tulikuwa kwenye meza. Mama alikuwa amesimama anasugua juu, mimi nimelala chali chini yake napaka nta kwenye miguu, maana watoto walikuwa wameipiga mateke mpaka ikachubuka. Mama Doto akaingia na mgeni, mwanamke mwenye mitumbwi ng'ambo ya Kamanga, wakakaa kwenye masofa mapya hatua chache kutoka kwetu. Chai ikaletwa. Wakaongea bei ya nyavu, wakaongea wezi wa injini. Kisha mgeni akasema, "Mimi mwaka huu ningekuwa nimefunga biashara kama si yule kijana wangu wa mashine. Magesa. Mtu wa Majita, alikuwa kiwanda cha nguo wakampunguza."

"Hao wa kiwandani wanajua kazi," Mama Doto akasema.

"Anajua sana. Na mtulivu, hanywi. Ana kovu hapa shingoni, anasema mvuke ulimwunguza kiwandani. Juzi mkewe kajifungua mtoto wa kiume. Nimewapelekea khanga na sukari."

"Mkewe wa wapi?"

"Palepale Kamanga. Nimewapa chumba nyuma ya ghala langu la nyavu."

Kutoka pale chini sikuona uso wa Mama Perusi. Niliona miguu yake tu, nyayo zilizopasuka, kidole gumba kimoja kina vumbi la majivu. Juu ya kichwa changu sauti ya tambara ilikuwa imekoma. Nilitazama ile miguu nikiisubiri ifanye kitu, ielekee kwenye masofa, au ilegee. Haikufanya kitu. Baada ya muda tambara likaanza tena, duara ndogo, polepole kama kawaida. Mama Doto na mgeni wake wakahamia barazani kutazama ziwa. Ndipo Mama akainama, akanitazama, na kusema kwa sauti yake ya kila siku, "Toka huko chini, Kabula. Mgongo utakuuma."

Tulimaliza kazi ile. Vijana nikiwasimulia hili hawanielewi. Wanauliza kwa nini sikutupa tambara nikaondoka. Kipaimara kilikuwa Jumapili, meza ilikuwa na upande mmoja unaong'aa na mwingine umefifia, na mimi sikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa chumba kilekile chenye jiwe. Nilisonga ugali jioni ile, hakuna aliyeula. Nikamwuliza Mama nikiwa nimempa mgongo, "Ulikuwa unajua?" Alingoja hadi nikageuka. "Ningejua," akasema, "nisingekula ugali wako kila siku nikikutazama machoni." Nilimwamini, na bado nilimchukia siku chache zile, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu pua ya Magesa ilikuwa pua yake. Nililala nikiwa nimeutazama ukuta. Jumamosi tulipokabidhi kazi, Mama Doto alisimama mlangoni akashika mashavu yake kwa furaha. Tulipokuwa tunateremka Mama Perusi akasema, "Jumatatu tutavuka."

Kwenye kivuko alisimama muda wote amekamata nguzo, kapu kati ya miguu. Ndani ya kapu alikuwa amefunga unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi. Nilipouona nilitaka kuumwaga majini. "Huo ni wa yule mwanamke?" nikauliza. "Ni wa mtoto," akajibu. Ghala la nyavu halikuwa mbali na gati. Magesa alikuwa amechuchumaa nje, anasafisha vipande vya injini kwenye beseni la petroli. Alitazama juu, akamwona mama yake, kisha mimi, mikono ikabaki ndani ya beseni. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu Ijumaa, maneno makali, nimeyapanga kama sahani. Nilipomwona vile alivyokonda, na petroli ikimtiririka hadi viwikoni, nikajikuta nasema tu, "Ungetuma hata mtu, Magesa." Akasema, "Nilikuwa najipanga nije niwaeleze." "Kupanga gani mpaka mtoto anazaliwa?"

Mlango ukafunguliwa, akatoka msichana aliyejifunga khanga mpya, uso umevimba kwa homa, mtoto mkononi. Jina lake Milembe. Hakuwa na habari. Alipiga magoti kwa tabu akatusalimu wote wawili, Mama akampa shikamoo, mimi akaniita dada, akasema tukae, atachemsha maji. Ilibidi Magesa amwambie mimi ni nani, na alimwambia akitazama beseni. Milembe alibaki amepiga magoti palepale. "Aliniambia mke wake alirudi kwao," akasema, akinitazama mimi na si yeye. "Sikurudi," nikasema. Akaanza kulia bila sauti, na mtoto akaamka. Nilikuja pale niwe na mtu wa kumchukia, na alikuwa mwembamba kuliko mimi, hana mama, matiti yamejaa na yamewaka moto kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha jinsi ya kunyonyesha. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Nikaketi kwenye rundo la nyavu.

Mama Perusi akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Akamtazama paji la uso, masikio, vidole. Nilijua anachokiona, maana hata mimi niliona: mtoto alikuwa wa ukoo wao kabisa. "Mmemwitaje?" akauliza. Magesa akasema, "Tulikuwa tunakusubiri wewe, Mama. Nilifikiri Masatu, jina la Baba." Upepo ulikuwa unapiga bati la ghala. Mama hakunitazama. Alimfunika mtoto vizuri, akasema, "Masatu ameshapita. Huyu aitwe Mafuru, kaka yangu." Magesa akasema jina la Baba ndilo linalofaa. Mama akarudia, bila kupandisha sauti, "Mafuru." Milembe hakuelewa, na Magesa nadhani alielewa baadaye. Mimi nilielewa palepale, na ingawa nilikuwa nimekaa siku tatu bila kutoa chozi, nililia pale juu ya nyavu zenye harufu ya samaki mpaka khanga ikalowa.

Alibaki huko. Aliniambia nje, pembeni, kwamba msichana yule atakufa na homa ya matiti kama hatapata mtu wa kumkanda, na kwamba damu haina mlango wa kuitolea nje. "Rudi, Kabula. Kuna viti vya yule mwalimu wa Mkuyuni vinavyotungoja. Unaviweza." Nikavuka peke yangu. Nilikuwa na hakika kwamba hatarudi. Kule kuna mjukuu, kuna mwana, kuna samaki kila siku, na huku kuna nini? Wiki zilizofuata ndizo nzito kuliko zote katika maisha yangu, pamoja na zile za misiba niliyopata baadaye. Niliamka, nikachemsha michembe, nikaenda kwenye nyumba za watu, nikasugua, nikarudi, nikalala. Kwenye nyumba moja nilisugua mlango wa kabati kwa nguvu mno. Kumbe juu ilikuwa ngozi nyembamba tu ya mbao nzuri iliyobandikwa, nikaipenya, chini pakatokea mbao nyeupe isiyo na thamani. Nilikaa sakafuni nikapatazama. Mwenye kabati alikuja, akaona, akasema, "Basi, geuza upande huo ukutani." Nilimwomba aniache nijaribu. Nilipaka kahawa nzito, nikasubiri, nikapaka tena, nikachora nyuzi kwa unyoya wa kuku na dawa ya viatu, nikapitisha vanishi kwa tambara. Ukisimama mlangoni huoni. Ukisogea, unaona. Niliondoka nikiwa nimeridhika nusu, na huko kuridhika nusu nimekuja kukuzoea.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza aliporudi. Nilifika kutoka kazini nikamkuta ameketi mlangoni juu ya kapu lake, magoti yamevimba, khanga imelowa mpaka kiunoni. Nikamwambia shikamoo, akaitikia. Nikawasha jiko. Alikula mapanki mawili na ugali wote, akalamba vidole, ndipo akasema, "Amepona. Mtoto ananyonya vizuri." Kisha, akinawa mikono, "Viti vya mwalimu umeviwezaje?" Nikamweleza. Nikamweleza na lile kabati nililoharibu. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza vanishi niliichanganya na spiriti kiasi gani. Sikuwahi kumwuliza kwa nini alirudi. Kwa miaka mingi nilidhani ipo siku atanieleza, na nikawa na haya ya kuuliza. Alikaa nami Igogo hata baada ya wazee kukaa na kumaliza mambo yangu na Magesa, na hata nilipopata mume mwingine, mtu wa reli, mwanamume huyo alikuja kwanza kwa Mama Perusi, na Mama ndiye aliyemhoji mpaka akatokwa jasho. Aliondoka Mwanza pale tu macho yalipokataa kuona nyuzi za mbao, akasema sasa anarudi kwao kungoja.

Magesa alikuja karibu na Krismasi ya mwaka uleule. Alivaa shati jipya, akabeba sangara mkubwa aliyefungwa kwa kamba ya katani. Alimweka samaki kwenye beseni, akaketi kitandani. Tulikuwa na meza ya watu katikati ya chumba, meza ya kulia ya watu wanne, tumeimalizia siku hiyo na nta yake ya mwisho ilikuwa inakauka, kwa hiyo yeye alikuwa upande mmoja na sisi upande wa pili. "Nimekuja kuwachukua," akasema. "Tajiri amenipa chumba cha pili. Milembe amekubali. Tutakaa wote."

"Kumchukua nani?" Mama akauliza.

"Wewe na Kabula."

Mama akanigeukia mimi. Alikuwa anasubiri kama anavyosubiri gundi ishike. Nikasema, "Magesa, mimi sikukukataza kwenda. Nilikaa hapa nikawa nasema labda yuko visiwani. Wewe ulimwambia mwenzio kwamba nilirudi kwetu. Basi iwe hivyohivyo, sema nilirudi kwetu. Kamanga sitakuja." Alinitazama, na nikaona kwamba alitarajia nilie au nitukane, na hivyo viwili angeweza kuvijibu. Akageukia mama yake. "Basi wewe, Mama. Umezeeka. Mjukuu wako yuko kule. Unakaa huku kusugua mbao za watu hadi lini?"

"Mafuru nitakuja kumwona," akasema Mama Perusi. "Kila nikipata nafasi nitakuja. Kukaa, nakaa hapa. Meza haibebwi na mtu mmoja."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jambo la kazi, na Magesa akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka akasimama, akamshika mama yake mkono, akanipa na mimi mkono, akatoka. Nilimsikia akisalimiana na karani hapo nje, wakiulizana kama kuna aliyeitwa tena kiwandani. Hakuna aliyeitwa.

Tukamkata samaki, tukamtia chumvi. Halafu Mama akapitisha kiganja juu ya meza, akasema imekauka, na wenyewe wanaihitaji kabla ya sikukuu. Hatukuwa na mkokoteni. Tukaipindua, tukafunga miguu kwa matambara isichubuke, yeye akashika mbele, mimi nyuma, tukatoka nayo kwa ubavu kwenye ule mlango mwembamba. Njia ya Igogo imejaa mawe na mvua ilikuwa imeyalowanisha. Tulikwenda kidogo, tukaitua juu ya jiwe, tukavuta pumzi. Tukaibeba tena, tukaitua tena. Nilikuwa natazama mgongo wake, blauzi imegandamana kwa jasho, na magoti yake yaliyokuwa bado hayajapona vizuri yakitafuta pa kukanyaga. Karibu na reli mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alituona, mtu na mzee wake na meza yao barabarani, na katika mwaka ule kila aliyeonekana na meza barabarani alikuwa anauza au anahama. Akasimama wima, akatuonea huruma.

"Poleni, Mama. Mnahama?"

Mama Perusi aliitua pembe yake taratibu, akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Hatuhami," akasema. "Tunapeleka meza ya watu."

Kisha akainama akashika upande wake, akangoja nami nishike wangu.